Mzinga mtupu juu ya mti: sarafu za kuiga na kazi ya programu huria

Mwezi uliopita alinijia kijana kutoka Urambo, hapa ofisini kwangu jirani na stesheni ya Tabora. Alinipa shikamoo, akakaa, akafungua daftari. Ukurasa wa kwanza alikuwa amechora nembo ya sarafu: jani la tumbaku ndani ya duara.

"Kaka, nataka unitengenezee sarafu ya kidijitali ya wakulima wetu. Nimesoma kwamba msimbo wa Bitcoin ni wa bure. Tuuchukue, tubadilishe jina, tuanze. Itachukua muda gani?"

Nilimjibu ukweli: kunakili tu, saa chache. Uso wake ulichangamka, nami nikajua kwamba nina deni la kumweleza kilichobaki. Swali lake linagusa ubishi uliopo kati yetu sisi wa programu huria (programu ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya, uko wazi kwa yeyote) tangu 2011, nakala za kwanza zilipotokea: sarafu hizi za kuiga zinaijenga kazi yetu au zinaibomoa? Nina msimamo, na nitauweka wazi, ila kwanza tuone kunakili kwenyewe kunafanyikaje.

Satoshi Nakamoto, mwasisi wa Bitcoin, alichapisha maelezo yake tarehe 31 Oktoba 2008, na bloku ya kwanza, yaani fungu la kwanza la miamala kwenye daftari lake la pamoja, ikazaliwa tarehe 3 Januari 2009. Programu yenyewe aliitoa kwa leseni ya MIT. Leseni hiyo ni fupi, haifiki ukurasa mmoja. Inakuruhusu kuchukua msimbo, kuubadili, hata kuuuza, bila kumwomba mtu, alimradi usifute tangazo la hakimiliki. Kwa hiyo anayeiga hajaiba chochote. Amefanya alichoruhusiwa.

Ukiufungua msimbo huo utakuta faili liitwalo chainparams. Humo kuna karibu kila kinachoitofautisha sarafu moja na nyingine: bloku ya mwanzo, baiti nne ambazo kompyuta za mtandao mmoja hutambuana kwazo, namba ya porti, tarakimu inayoamua anwani ianze na herufi gani, na idadi ya bloku ambazo zikipita zawadi ya mchimbaji (mwenye kompyuta inayounda bloku mpya) hupungua nusu (kwa Bitcoin ni 210,000). Badili hapo, badili jina na nembo, jenga programu upya, umepata sarafu. Charlie Lee alipotoa Litecoin mwezi Oktoba 2011 alikwenda mbele zaidi: bloku kila dakika mbili na nusu badala ya 10, sarafu milioni 84 badala ya milioni 21, na uchimbaji unaotumia kanuni ya hesabu iitwayo scrypt badala ya SHA-256. Dogecoin ya Desemba 2013 ilitokana na Luckycoin, nayo Luckycoin ilitokana na Litecoin. Mwaka 2014 Matt Corallo, mmoja wa wasanidi wa Bitcoin, aliweka tovuti iliyoitwa Coingen: unajaza jina na namba unazotaka, unalipa bitcoin kidogo, mashine inakutolea sarafu yako. Hapo kuiga kukawa hakuhitaji hata kujua msimbo.

Kutengeneza pesa hakujawahi kuwa sehemu ngumu, na mji huu ni shahidi. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokosa sarafu za kutoka kwao walizigonga hapa hapa Tabora katika karakana ya reli: heller 20 na heller 5, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Ubelgiji yakauchukua mji. Ile ya dhahabu ilibaki dhahabu. Za heller ziliachwa bila serikali ya kuzisimamia.

Sasa nani anaisimamia sarafu ambayo haina serikali wala dhahabu? Hapa nitamtaja baba yangu mdogo wa Sikonge, anayefuga nyuki. Mzinga wa gome la muyombo anautengeneza asubuhi moja. Anaupaka nta ndani, anaupandisha mtini, anashuka, anasubiri. Kundi likihamia, ana mali. Lisipohamia, msimu ukiisha atakuta nondo na sisimizi. Kijana yeyote anaweza kuutazama mzinga wa jirani yake akachonga unaofanana nao kila kitu, lakini kundi halichongwi.

Kwenye programu huria, kundi ni watu wanaosoma mabadiliko mstari kwa mstari kabla hayajapokelewa. Ni wale wanaojaribu toleo jipya kwenye kompyuta mbovu na mtandao wa kukatikakatika, wanaoamka usiku hitilafu ikitangazwa, wanaothubutu kumwambia mwenzao mwenye jina kubwa kwamba hapa umekosea. Msimbo upo tele. Macho ya kuusoma ndiyo machache, na ndiyo ninayoyatumia kupima nakala: imeongeza macho, au imeyapunguza?

Tukio moja limenifundisha hili kuliko hoja zote nilizowahi kusoma. Katika Bitcoin kila muamala hutumia pesa zilizotoka kwenye muamala uliotangulia, na sheria ya msingi ni kwamba pesa ileile haitumiki mara mbili. Kwenye toleo la 0.14 la Bitcoin Core, programu kuu ya Bitcoin, lililotoka Machi 2017, wasanidi waliondoa ukaguzi mmoja wakiamini kwamba unarudia kazi iliyokwisha kufanyika kwingine. Nia ilikuwa njema, bloku zikaguliwe haraka. Lakini ukaguzi ule ulikuwa na kazi yake. Katika toleo hilo, muamala uliotaja pesa ileile mara mbili ungeweza kuzima kompyuta za mtandao. Kuanzia toleo la 0.15 mambo yakawa mabaya zaidi: mchimbaji angeweza kuzalisha bitcoin ambazo hazipo, akavuka hata ile milioni 21 ambayo kila mtu anaiimba.

Mwaka mmoja na nusu ukapita bila mtu kuliona kosa hilo. Wataalamu waliosoma msimbo ule ni baadhi ya bora duniani, na hawakuliona. Aliyeliona, Septemba 2018, alikuwa msanidi wa Bitcoin Cash anayetumia jina la awemany. Bitcoin Cash ni tawi lililojitenga na Bitcoin tarehe 1 Agosti 2017 baada ya ugomvi mkali, watu wakitukanana hadharani. Msanidi huyo wa upande wa pili angeweza kulinyamazia kosa lile, au kulitumia. Aliwaandikia wasanidi faragha, na kesho yake, tarehe 18, toleo la 0.16.3 lenye kiraka, yaani rekebisho la kosa, likatoka.

Wenzangu wanaosema nakala zote ni takataka huwa nawauliza swali hili: bila tawi lile, jicho lile lingekuwa wapi? Awemany alikuwa anausoma msimbo huo kwa sababu sarafu yake nayo ilikuwa imesimama juu yake. Alikuwa na maslahi, na maslahi yake yakawa ulinzi wetu sote.

Lakini simulizi halijaisha. Kiraka cha programu huria huchapishwa hadharani, hakuna namna nyingine, na kikishachapishwa kinamwonyesha kila mtu tundu lilipokuwa. Aliyepokea kiraka amepona. Aliyechelewa, ramani ya nyumba yake imechorwa na kukabidhiwa mwizi. Pigeoncoin, nakala ndogo iliyobeba msimbo uleule, ilichelewa. Muda mfupi baadaye mtu alilitumia tundu hilo kuzalisha takriban sarafu milioni 235 ambazo hazikustahili kuwepo.

Msimbo mmoja, kosa moja, mwezi mmoja. Nakala yenye watu iliokoa, nakala isiyo na watu iliumizwa.

Litecoin nayo iliwahi kutufanyia kazi ambayo mama yake alishindwa kuifanya kwa wakati. Mabadiliko yaitwayo SegWit, ya namna saini za miamala zinavyohifadhiwa, yalikuwa yamekwama kwa mabishano ndani ya Bitcoin. Wapinzani walidai kwamba pesa zilizowekwa kwenye anwani za SegWit zingeweza kuchukuliwa na yeyote. Litecoin iliyawasha Mei 2017, na mtu mmoja akaweka kwenye anwani ya aina hiyo litecoin zenye thamani ya takriban dola milioni moja, akawaambia wanaobisha waje wazichukue. Hazikuchukuliwa. Tarehe 24 Agosti mwaka huo Bitcoin nayo ikayawasha. Sisemi kwamba Litecoin pekee ndiyo iliyomaliza ubishi, ila jaribio lenye pesa halisi mezani lina uzito ambao mtandao wa majaribio hauwezi kuwa nao.

Upande wa madhara, hili la nguvu ya uchimbaji halihitaji maneno mengi. Sarafu ndogo inayotumia kanuni ileile ya kubwa inaweza kuvamiwa, miamala yake ikageuzwa, na sehemu ndogo tu ya wachimbaji wa ile kubwa wakiamua kuigeukia, na siku hizi mitambo hata hukodishwa. Bitcoin Gold ilivamiwa hivyo Mei 2018. Dogecoin ilijikinga mwaka 2014 kwa kuanza kuchimbwa pamoja na Litecoin, kazi moja ya mchimbaji ikihesabika kwa sarafu zote mbili, mbinu ambayo Namecoin, nakala ya kwanza kabisa ya Bitcoin, ilikuwa imeitangulia.

Madhara yanayoniuma zaidi hayako kwenye msimbo. Ninapokwenda kwenye vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku kueleza programu huria za uhasibu, ambazo hazina uhusiano wowote na kripto, huwa hakosi mzee wa kuuliza: "Mwanangu, hii si ile ya kuingiza watu?" Wazee wetu wanaikumbuka DECI ya 2009, ule upatu wa kuahidi faida kubwa, wapo waliopanda mbegu na hawakuvuna. Kisha zikaja sarafu. OneCoin iliuzwa dunia nzima tangu 2014, hadi hapo Uganda, na haikuwa hata nakala: haikuwa na daftari la wazi la miamala ambalo mtu angeweza kulikagua. Mmoja wa waanzilishi wake, Karl Sebastian Greenwood, alihukumiwa miaka 20 jela nchini Marekani Septemba 2023. Kwa mtaalamu, OneCoin na Litecoin ni mbingu na ardhi. Kwa mzee wa Kaliua zote zinaitwa sarafu za mtandaoni, na zote zimekuja na kijana mwenye shati zuri. Kila nakala inayoundwa ili iuzwe kwa wiki mbili kisha itelekezwe inakula imani ambayo sisi wengine tunahitaji miaka kuijenga.

Pamoja na hayo, siungi mkono wanaotaka leseni ibanwe ili kunakili kuwe kugumu. Ruhusa ya kuondoka na msimbo ndiyo inayowafanya wasimamizi wa mradi wasikilize watu. Ukiiondoa, tapeli hatapungukiwa chochote, kwa kuwa OneCoin haikuhitaji msimbo wa mtu, lakini utakuwa umemfungia mlango awemany mwingine. Ninachofanya mimi ni kufungua historia ya mabadiliko ya nakala yenyewe. Naangalia mara ya mwisho waliyochota viraka kutoka kwa mama ilikuwa lini, na kama yupo mtu wao hata mmoja aliyewahi kurudisha rekebisho huko walikochukua. Nikikuta ukimya wa mwaka mzima, kwangu huo ni mzinga mtupu, hata kama bei yake inapanda leo.

Tukamrudie kijana wa Urambo. Tulizungumza saa nzima, na ikabainika kwamba kinachomuumiza ni makato. Mkulima anapeleka mzigo, unapimwa, halafu malipo yanapokuja hajui kimekatwa nini na kwa nini. Hilo linahitaji daftari ambalo kila mwanachama anaweza kulisoma, halihitaji sarafu. Nikamkumbusha pia kwamba Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kuwa shilingi ndiyo pesa halali pekee nchini, na kwamba tangu Sheria ya Fedha ya 2024 kuna kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mauzo ya mali za kidijitali. Ukitoa sarafu, watakaokuja kukuuliza maswali si wakulima peke yao.

Hakuvunjika moyo, na sikutaka avunjike. Nilimwekea programu ya Bitcoin kwenye kompyuta yake katika hali ya regtest, mtandao wa majaribio unaoishi ndani ya kompyuta yako mwenyewe, nikamwonyesha faili la chainparams, nikamwambia aende akavuruge apendavyo. Baada ya siku nne alinipigia. Sarafu ya jani la tumbaku inafanya kazi, amechimba bloku 50, lakini pochi inasema salio la kutumia ni sifuri. Programu imeharibika? Nikamwambia haijaharibika, atafute kwenye msimbo palipoandikwa 100.

Alipata usiku huo. Zawadi ya mchimbaji haitumiki mpaka bloku 100 zijengwe juu yake, ili mnyororo ukipinduliwa ghafla kusiwe na watu waliokwisha kulipwa kwa pesa iliyofutika. Akachimba mpaka bloku ya 101, salio likatokea. Asubuhi nikakuta ujumbe wake: "Kaka, nani aliamua iwe 100 na si 50? Wewe umewahi kulikagua hilo mwenyewe?"

Sijawahi. Jumamosi anapanda basi kuja Tabora, tutakaa tulisome wote.