Maonyesho ya Viwanda ya Ueno, 1877: dhana potofu na ukweli

"Yalikuwa tamasha la vitu vya ajabu." Hapana. Okubo Toshimichi, waziri wa mambo ya ndani wa Japani, aliyataka yawe darasa. Vitu zaidi ya 80,000 vilipangwa kwa mafungu sita: madini, bidhaa za viwandani, sanaa, mashine, kilimo na bustani. Fundi alitakiwa alinganishe kazi yake na ya mwenzake wa mkoa mwingine, na waamuzi wakatoa tuzo.

"Nchi ilikuwa na amani." Yalifunguliwa Ueno, jijini Tokyo, tarehe 21 Agosti huku uasi wa samurai wa Satsuma dhidi ya serikali ukiendelea kusini. Hayakuahirishwa, yalifungwa 30 Novemba.

"Mashine iliyong'ara ilitoka Ulaya." Tuzo ya juu ilikwenda kwa garabo, mtambo wa kusokota uzi wa Gaun Tatchi, aliyewahi kuwa mtawa wa Kibudha. Ubunifu wake unastahili kuelezwa taratibu. Pamba hushindiliwa ndani ya kopo jembamba la bati lililosimama wima juu ya kitako kinachozunguka. Ncha ya pamba huvutwa juu hadi kwenye kibiringo, na mzunguko wa kopo ndio unaotia msokoto. Msokoto ukizidi, pamba hugoma kutoka. Uzi hukaza, hulinyanyua kopo, nalo huachana na kitako na kusimama. Uzi huendelea kuvutwa bila kusokotwa mpaka ulegee, kisha kopo hushuka na kuanza tena. Jiwe la mizani ndilo linaloamua kopo linyanyuke lini. Kwa hiyo mtambo hujirekebisha wenyewe, jambo ambalo mikono ya msokotaji ilikuwa ikilifanya kwa kuhisi. Kasoro yake ni kwamba uzi hutoka mnene, na pamba isiposhindiliwa sawasawa huwa na mabonge.

"Tuzo ilimtajirisha." Ilimponza. Sheria ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasiige kazi yake, iliyofanya kazi ilikuja 1885 tu. Mtambo wa mbao na bati, uliowekwa hadharani, seremala yeyote makini aliweza kuuiga, na wengi waliuiga. Mwenyewe aliambulia kidogo mno, na hiyo ni dhuluma.

"Mashine za Uingereza ziliufuta mara moja." Wasokotaji wa eneo la Mikawa, katikati ya Japani, waliendelea na garabo hadi karne ya 20, wakiuendesha kwa magurudumu ya maji, mengine yakiwa kwenye mashua zilizofungwa mtoni Yahagi.