Maji ya bomba Dodoma yana chumvi: maswali ya kliniki na majibu yake

Mama mmoja alikuja kliniki na chupa ya nusu lita aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Ndani yake mlikuwa na maji yaliyochemshwa usiku, na chini palikuwa pametuama unga mweupe kama wa chaki. Akaitikisa, unga ukapanda juu, kisha ukaanza kushuka taratibu. "Dada, ndiyo haya ninayompa mwanangu kila siku?" Ndiyo, ni hayohayo, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake alikuwa mzima kabisa. Swali lake naulizwa karibu kila wiki, na wageni waliokuja tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 wameleta mengine mengi. Hapa nimeandika yale yanayojirudia zaidi.

Huo unga mweupe ni nini?

Ni chokaa. Kwa miaka mingi maji ya bomba ya jiji la Dodoma yametegemea visima virefu vya bonde la Makutupora, upande wa Mzakwe, kaskazini mwa mji. Maji ya ardhini hupenya kwenye udongo na miamba kwa muda mrefu, na njiani huyeyusha madini, hasa kalsiamu na magnesiamu. Hayo mawili ndiyo yanayofanya maji yaitwe magumu. Ukiyachemsha, sehemu ya kalsiamu hugeuka chokaa na kutuama. Ndio unga wa kwenye chupa, ndio ukoko wa kwenye birika.

Ladha ya chumvi ni jambo jingine. Hiyo huletwa na sodiamu na kloridi, nazo hazitoki hata uchemshe mpaka kuni ziishe. Huku kwetu yote tunayaita "maji ya chumvi", lakini ukitaka njia itakayokusaidia nyumbani ni lazima uvitenganishe vitu hivi viwili: ugumu unaweza kuupunguza jikoni, chumvi huwezi.

Sasa yanadhuru au hayadhuru?

Ugumu wenyewe haudhuru. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji, na kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji. Mgeni anaweza kuharisha kidogo siku za mwanzo kama maji yana salfeti nyingi, kisha tumbo likazoea. Kuharisha kukizidi siku mbili tatu, au kukiwa na damu au homa, usisingizie ugumu wa maji. Hapo huenda kuna vimelea, njoo upimwe.

Ninachokiogopa mimi ni watu kuyakimbia maji. Wapo wanaoshinda na kikombe kimoja cha chai kwa sababu maji "hayapandi", na wapo wanaoyaacha ya bomba wakachota mahali pachafu kwa sababu ya huko ni matamu. Wagonjwa ninaowaona wanatoka kwenye makundi hayo mawili.

Baba yetu alitolewa mawe kwenye figo. Ndugu wote wanasema ni maji ya Dodoma. Ni kweli?

Najua kwa nini wanasema hivyo. Mtu akiangalia ukoko wa birika, halafu akasikia neno "mawe", anaona ni kitu kimoja. Lakini mwili si birika. Mawe mengi ya figo hutokana na kalsiamu kuungana na kitu kiitwacho oksaleti ndani ya mkojo, na jambo linaloyafanya yaumbike kirahisi ni mkojo kuwa mzito. Mkojo unakuwa mzito kwa kunywa maji kidogo. Kalsiamu unayokula au kunywa pamoja na chakula huikamata oksaleti tumboni na kutoka nayo chooni kabla haijafika kwenye figo. Ndiyo maana hatuwashauri wenye mawe waache maziwa, wala hatuwashauri wayaogope maji magumu.

Sasa fikiria siku ya dereva wa bodaboda hapa mjini. Ametoka saa kumi na mbili asubuhi, amekunywa chai na chapati, jua na upepo mkavu vinamkausha jasho kabla hajalihisi, na hadi saa nane mchana hajagusa maji. Huyo ndiye ninayemhofia mawe, hata kama nyumbani kwake wangekunywa maji ya mvua mwaka mzima.

Mtu mzima mwenye afya ajitahidi apate lita mbili hadi tatu kwa siku, na zaidi kama anafanya kazi juani. Kipimo kizuri ni mkojo wenyewe: uwe njano iliyopauka. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa kunywa. Kukamulia limau au ndimu kwenye maji kunasaidia mara mbili, kwani kunaficha ladha, na sitreti iliyomo huzuia baadhi ya mawe kuumbika. Aliyeambiwa na daktari apunguze maji kwa ajili ya moyo au figo afuate la daktari wake, si langu.

Maumivu makali ya ubavuni yanayokuja kwa mawimbi na kushuka kuelekea kinena, au damu kwenye mkojo, nenda hospitali. Yakiambatana na homa, nenda siku hiyohiyo.

Nina presha. Chumvi ya kwenye maji hainiongezei?

Tupige hesabu. Watu wengi huanza kuisikia ladha ya chumvi sodiamu inapofika kama miligramu 200 kwa lita. Ukinywa lita mbili za maji hayo umepata miligramu 400, sawa na gramu moja hivi ya chumvi ya mezani. Kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kila kitu kikijumlishwa. Kwa hiyo maji yana sehemu yake, lakini sehemu kubwa iko kwenye sufuria ya mboga na kwenye kachori za barabarani. Anza na hizo. Kama maji yako yana chumvi kali ya kukunja uso, mwambie daktari anayekutibu, na maji ya kunywa ya mgonjwa yatafutiwe chanzo kingine, mvua ikiwa ipo.

Nifanyeje ili yanyweke?

Chemsha jioni. Kwa kuua vijidudu, maji yakishatokota kwa nguvu dakika moja inatosha, lakini kwa kupunguza ugumu yaache yatokote dakika tano hadi kumi. Funika, yaache yatulie usiku kucha bila kuyasogeza. Asubuhi yamimine polepole kwenye chombo safi na uache ya chini, kiasi cha vidole viwili, yale yenye unga. Hayo usiyamwage: mwagilia mchicha au pigia deki.

Maji yaliyochemka yana ladha ya kufifia kwa sababu hewa imetoka. Yamimine kutoka jagi moja kwenda jingine mara tano sita, hewa inarudi na ladha inakaa sawa. Halafu yapooze. Ubaridi unasaidia kuficha ladha, na hapa mtungi wa udongo unashinda friji kwa gharama. Umeshaona mtungi uliotumika muda mrefu unavyoota utando mweupe nje, hasa kwenye tumbo lake? Maji hupenya kwenye udongo na kukauka kwa upepo, hivyo mtungi unapoa, na madini yanabaki pale juu. Usugue kwa brashi na maji matupu. Ukitumia sabuni udongo utainywa na maji yatanuka sabuni wiki nzima. Kata ya kuchotea iwe na mpini mrefu, vidole visiguse maji.

Kama tatizo ni harufu ya dawa ya klorini, yaache kwenye chombo kipana kilichofunikwa kitambaa safi kwa saa chache. Harufu itapungua. Msiilaumu hiyo dawa, ndiyo inayotulinda na kipindupindu.

Shabu je? Na chujio?

Shabu inakamata tope, haikamati chokaa. Chujio la kauri au la mkaa linasaidia uchafu na harufu, lakini ugumu na chumvi vinapita. Mashine za kusukuma maji kwenye utando mwembamba ndizo zinazoondoa vyote, na ndizo zinazotumika kwenye vioski vingi vya maji yaliyosafishwa. Ukinunua huko, angalia usafi wa dumu lako kwanza.

Sabuni haitoi povu, ngozi inawasha, nywele zinakakamaa.

Kalsiamu huungana na sabuni ya mche na kuwa utando wa kijivu unaoganda kwenye beseni, na pia kwenye ngozi. Ukiongeza sabuni unaongeza utando. Tumia kidogo, sehemu zinazohitaji tu, suuza sana, kisha paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Usisubiri ikauke. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa Dodoma peke yake unatosha kupasua midomo, kwa hiyo si kila mwasho ni wa maji.

Mwenye pumu ya ngozi asiuze mbuzi kununua mashine ya kulainisha maji. Uingereza walifanya utafiti kwa watoto 336 wenye ugonjwa huo, matokeo yakatolewa mwaka 2011: nyumba zilizofungiwa mashine hazikupata nafuu kuliko zile zilizoendelea na matibabu ya kawaida. Mafuta ya kupaka na dawa za kliniki ndivyo vinavyosaidia.

Nywele zisuuzwe mwisho kwa maji yaliyokamuliwa limau kidogo. Kwa nguo, sabuni ya unga hufanya kazi vizuri kuliko ya mche.

Maharage hayaivi. Naweka magadi, kuna ubaya?

Maharage yanakaza kwa sababu kalsiamu ya kwenye maji inashikilia ganda lake. Magadi yanaitoa hiyo kalsiamu, ndiyo maana yanaiva haraka, mama zetu waligundua hilo zamani. Lakini magadi yana sodiamu nyingi, yanaharibu vitamini B1, na baadhi ya magadi ya nchini, hasa ya kutoka Ziwa Natron, yana floraidi nyingi. Mlenda wa magadi mara mojamoja kwa mtu mzima asiye na presha, sawa. Chakula cha mtoto mdogo, hapana. Loweka maharage usiku kucha kwenye maji yaliyochemshwa na kutuama, au ya mvua, kisha pika kwa maji ya aina hiyohiyo. Utaona tofauti kwenye mkaa unaotumia.

Hayo ya mvua tutayapata wapi na mvua yenyewe hii?

Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Inaonekana kidogo, lakini bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 linatoa lita 400, na hata zikipotea za kumwagika unabaki na zaidi ya 300. Maji ya mvua ya kwanza, yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, yaache yapite. Tanki lifunikwe, na ya kunywa yachemshwe.

Kijijini tuna bomba la kisima kirefu, lakini maji ya korongo ni matamu zaidi.

Ni matamu kweli. Ukichimba mchanga wa korongo unapata maji laini, na povu linajaa beseni. Lakini ng'ombe wamepita hapohapo asubuhi, na mvua ikinyesha kila kilichoko porini kinashukia humo. Typhoid na kuhara damu havina ladha. Kama lazima myatumie, yawe ya kufulia, na ya bomba yawe ya kunywa.

Jambo lingine linaniuma: kuna nyumba zinazoweka akiba ya maji laini na kuacha kunawisha watoto kwa sababu ya bomba "yanakausha uso". Mkoa wetu, Kongwa hasa, umeteseka miaka mingi na trakoma, ugonjwa wa macho unaosambazwa na nzi na mikono kutoka kwenye nyuso chafu mpaka mtu anapofuka. Maji magumu yanaosha uso sawasawa na maji laini. Vikombe viwili vinamtosha mtoto.

Kichanga apewe maji gani?

Chini ya miezi sita, hapewi maji yoyote. Maziwa ya mama tu, hata kwenye joto la Oktoba.

Naondoaje ukoko kwenye birika?

Siki, limau, au ukwaju uliolowekwa. Chemsha kidogo, acha saa moja, utasikia ukoko unachemka chemka na kumeguka. Suuza. Siki au limau visikutane kamwe na jiki. Vikichanganyika hutoa hewa ya sumu.

Watoto wa mjomba wako Singida, meno yao ni ya kahawia. Ni ugumu wa maji?

Hapana, ni floraidi, na hiyo haina ladha wala rangi, wala haiachi ukoko. Sehemu za Singida, Manyara na Arusha zina visima vyenye floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Meno huharibika yakiwa bado yanaumbika kwenye fizi, chini ya miaka minane, na ikizidi sana kwa miaka mingi inapinda mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua, floraidi inabaki palepale na kuwa nzito zaidi. Vivyo hivyo kwa naitreti, inayotoka kwenye vyoo na mazizi yaliyo karibu na kisima, na ni hatari kwa watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa ya kopo.

Kisima kipya, cha nyumbani au cha kijiji, kipimwe kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji kabla mtoto hajaanza kukinywea. Omba chupa ya sampuli kutoka kwao, usitumie ya soda, na utaje kwa jina unachotaka kipimwe: floraidi, naitreti, chumvi, ugumu, na vijidudu.