Mwigizaji wa wahusika ni nani?

Katika michezo ya televisheni yuko mtu ambaye sura yake unaijua lakini jina hulikumbuki. Mwaka jana alikuwa kadhi, mwaka huu ni fundi cherehani. Huyo ndiye mwigizaji wa wahusika. Hachezi mhusika mkuu, ila hupewa mtu wa pembeni mwenye tabia zake, akamtia mwendo, sauti na mazoea mpaka tukamwamini. Asichanganywe na wapita njia wanaojaza picha bila neno. Huyu ana la kusema, hata kama ni mistari minne.

Chukua muuza kahawa wa Mji wa Kale, Mombasa. Onyesho lake litarudiwa mara nyingi: kamera ikiwa mbali, kisha ikimkaribia kila msemaji kwa zamu. Akiinua dele, yaani birika lake la kahawa, kwa mkono wa kulia na kumimina kwenye neno "mahari", basi amimine hapo hapo kila mara. Akikosea, mhariri akiunga vipande kikombe kitaonekana kimejaa, kitupu, kisha kimejaa tena. Vikombe navyo avigonge kabla mwenzake hajasema au akishamaliza, kwa sababu mlio uliolalia maneno ni shida kuutoa.

Kinachowashinda wengi ni mpangilio. Baraza la kurekodia likishapatikana, maonyesho yote ya hapo, ya sehemu ya 2, ya 7 na ya 11 huweza kurekodiwa siku moja, ili kuokoa gharama. Asubuhi amegombana na jirani, adhuhuri hawajajuana bado. Ndiyo maana anayeijua kazi huwa na daftari: katika onyesho hili najua nini, nina kinyongo na nani, nimevaa kanzu ipi. Ndevu hazinyolewi mpaka kazi iishe.

Lafudhi ni hivyo hivyo. Mhusika aliyeanza na Kimvita, lahaja ya Mombasa, akasema "mato" na "ndia", hawezi wiki ijayo kusema "macho" na "njia" bila sababu. Wenyeji wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, watalisikia kosa hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Umahiri huo una bei yake. Benson Wanjau, aliyefariki 2015, hakuwa Mjaluo, lakini lafudhi yake ya Kijaluo katika Vitimbi, mchezo wa kuchekesha wa televisheni, ilikolea hata Wakenya wakamwita barabarani kwa jina la mhusika wake, Mzee Ojwang'. Ni heshima kubwa, ila uhusika mmoja ukimganda mtu, waandaaji humwona huyo tu, na milango mingine hufungwa.

Malipo huwa kwa siku au kwa sehemu, na siku za mhusika mdogo ni chache, kwa hiyo wengi hushika kazi mbili tatu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inazitambua haki za waigizaji. Hata hivyo, kabla ya kutia sahihi, utafute mstari unaotaja marudio na mauzo ya nje. Usipokuwapo, omba uandikwe.