Msako wa myuoni: kigunduzi hodari ni kile kinachojua kukataa

Watu wa Malindi wakitajiwa Ngomeni, na ile mitambo ya San Marco iliyosimama baharini kwa miguu ya chuma, hukumbuka roketi. Kwa sisi tunaofanya kazi ya vipimo, roketi ilikuwa chombo cha safari tu. Cha maana kilikuwa mzigo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliondoka pale ikiwa imebeba setilaiti iliyopewa jina hilohilo, Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza anga kwa miale ya eksirei. Ndani yake mlikuwa na masanduku ya gesi yenye nyaya nyembamba zilizotiwa umeme. Mwale wa eksirei ukiingia, hung'oa elektroni kwenye atomu za gesi, elektroni zikakimbilia waya, na waya ukatoa mpigo mdogo wa umeme. Basi. Kifaa chenyewe ni hicho.

Ugumu ulikuwa kwingine. Anga imejaa chembe zinazokatiza kila kitu, nazo pia hutoa mpigo. Kwa hiyo setilaiti ilipewa saketi za kukagua umbo la kila mpigo na kuitupa ile iliyoletwa na wageni wasioalikwa. Kwa ukaguzi huo Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Nimeanzia Ngomeni kwa sababu swali linalotufikia mara kwa mara ni hili: mtu anatengenezaje kifaa cha kusaka kitu ambacho hakijawahi kuonekana hata mara moja? Jibu ni kwamba nguvu nyingi haziendi kwenye kuona. Zinakwenda kwenye kukataa.

Kitu kinachosakwa ni tabia moja ya myuoni: kugeuka elektroni bila kutoa nyutrino, zile chembe zisizo na chaji. Myuoni ni chembe inayofanana na elektroni, yenye chaji ileile lakini nzito mara 207. Carl Anderson na Seth Neddermeyer waliitambua mwaka 1936 katika miale inayotoka angani. Ikitulia, huishi kwa wastani wa mikrosekunde 2.2, kisha huvunjika ikawa elektroni na nyutrino mbili. Myuoni yenye chaji chanya huacha positroni, yaani elektroni ya chaji chanya, lakini mambo ni yaleyale. Nyutrino hizo mbili hazitoki kwa bahati: zinalinda hesabu, kila jamii ya chembe, ya elektroni na ya myuoni, ibaki na idadi yake. Mwaka 1947, kule Kanada, Hincks na Pontecorvo walichunguza kama myuoni inaweza kugeuka elektroni na mwale wa gama bila nyutrino yoyote. Hawakuona kitu. Hadi leo hakuna aliyeona.

Zamani mtu angesema ni marufuku, tufunge faili. Lakini mwaka 1998 kigunduzi cha Super-Kamiokande nchini Japani kilionyesha kwamba nyutrino hubadilika kutoka jamii moja hadi nyingine zikiwa safarini. Kwa hiyo uzio kati ya jamii una tundu. Ukifanya hesabu ya tundu hilo kwa upande wa myuoni, unapata uwezekano wa takriban mmoja katika idadi inayoandikwa kwa 1 na sufuri 54 nyuma yake. Hakuna mashine itakayofikia hapo, na hilo ndilo linalonivutia mimi: myuoni zikionekana zikigeuka hivyo hata chache, mageuko hayo hayawezi kuwa yametokana na fizikia tunayoijua. Hakuna kitu cha kubishana nacho isipokuwa makosa ya kifaa chenyewe.

Jaribio lililofika mbali zaidi kwenye njia hii ni MEG II, lililoko Taasisi ya Paul Scherrer nchini Uswisi. Protoni hugonga kipande cha grafiti, zinazaliwa chembe za pioni, pioni zinavunjika kuwa myuoni, na myuoni zipatazo milioni 30 au zaidi kwa sekunde huongozwa hadi kwenye utando mwembamba wa plastiki, zikasimama humo. Kwa kasi hiyo trilioni moja hutimia kwa saa 9 na ushei. Myuoni iliyotulia ikivunjika kwa njia inayosakwa, lazima positroni na gama ziondoke kwa wakati mmoja, zielekee pande kinyume kabisa, na kila moja ichukue nusu ya nishati, yaani megaelektronvolti 52.8. Masharti ni hayo tu, na ni masafi.

Adui ni sadfa. Myuoni moja inavunjika kwa njia ya kawaida na kutoa positroni yenye nishati karibu na kiwango. Nyingine jirani yake inatoa gama. Ukiziangalia pamoja unaona kama zimetoka tumbo moja. Tuseme umesimama mji wa kale wa Malindi, ukaambiwa kwamba misikiti fulani miwili, iliyo umbali sawa na ulipo, imeunganishwa kwa waya na adhana yake ni moja, nawe unataka kuhakikisha kwa kusikiliza. Ukiwa na saa isiyoonyesha sekunde, misikiti mingi itakuhadaa, maana waadhini wengi huanza ndani ya dakika ileile. Saa ya sekunde itapunguza wengi. Saa inayosoma sehemu ya mia ya sekunde haitakuachia ila iliyounganishwa kweli. MEG II hulinganisha wakati wa positroni na wa gama kwa usahihi wa takriban pikosekunde 80 (pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde), muda ambao mwanga wenyewe husogea milimita 24.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza myuoni. Ukizizidisha mara mbili, matukio ya kweli yanazidi mara mbili, ila sadfa zinazidi mara nne. Ndiyo maana miaka mingi imetumika kwenye vigunduzi kuliko kwenye kumwaga chembe zaidi.

Gama hunaswa ndani ya zenoni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, kiasi cha lita 900 hivi. Ikigongwa, zenoni humulika mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho, nao husomwa na vipande 4,092 vya silikoni vilivyopangwa kwenye uso wa mbele. Vipande hivyo vilianza kupoteza uwezo wa kuona kadiri mashine ilivyofanya kazi, na tiba iliyopatikana ni ya kushangaza kwa wepesi wake: kuvipasha moto kila baada ya muda, vikarudi hali yake.

Positroni nayo hupita kwenye mrija mkubwa wa gesi, wa karibu mita 2, wenye nyaya maelfu. Sehemu kubwa ya gesi ni heliamu kwa kuwa ni nyepesi, haiiyumbishi positroni. Nyaya zinazopokea ishara ni za tungsteni iliyopakwa dhahabu, unene mikromita 20; nyingi za zile nyingine ni alumini iliyopakwa fedha. Wakati wa kuunda, baadhi ya nyaya za alumini zilikatika. Uchunguzi ulionyesha unyevu wa hewa ulipenya kwenye nyufa za ule upako wa fedha, alumini ikaliwa ndani kwa ndani. Mtu aliyewahi kumiliki geti la chuma hapa Mwambao hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 2025 timu hiyo ilitangaza matokeo ya data ya 2021 na 2022: kama tukio hilo lipo, halizidi moja katika takriban trilioni 6.7. Nimeshasikia watu wakisema huko ni kutumia pesa kutafuta hewa. Mimi naona kinyume. Nadharia nyingi za fizikia mpya zilitabiri kwamba tungeshaliona kwa kiwango hiki, na kila kikomo kikishuka, baadhi zinazikwa. Kipimo kinachozika nadharia mbovu kimefanya kazi yake.

Zipo njia nyingine mbili. Mu3e, palepale Uswisi, imebuniwa kusaka myuoni ikigeuka positroni mbili na elektroni moja, kwa kutumia vipande vya silikoni vilivyopunguzwa unene hadi mikromita 50 na kupozwa kwa heliamu, kwa sababu hata kipande kinene kidogo kingezipotosha chembe kabla ya kupimwa. Mu2e, iliyoko maabara ya Fermilab nchini Marekani, imebuniwa kuziacha myuoni hasi zinaswe na atomu za alumini na kungoja elektroni yenye megaelektronvolti 105 hivi, dalili ya myuoni iliyogeuka elektroni bila nyutrino. Hapo nastaajabia ubunifu mmoja: mirija yake myembamba ya kunasa elektroni imepangwa kuzunguka uwazi wa katikati, ili elektroni nyingi zenye nishati ndogo zipite kwenye uwazi bila kugusa chochote. Kifaa kimejengwa kisione. Halafu kuna miale ya angani, ambayo peke yake ingezalisha tukio la uongo karibu kila siku. Kwa hiyo mtambo hufunikwa na vigunduzi vingine vinavyotakiwa kukamata miale hiyo kwa kiwango cha asilimia 99.99.

Miale hiyohiyo inaanguka Malindi bila malipo. Usawa wa bahari, kila sentimita ya mraba hupitiwa na myuoni moja hivi kwa dakika. Shule ya sekondari ikipata vibao viwili vya plastiki inayomulika chembe zikipita, na kwa kila kibao kisoma-mwanga cha silikoni, inaweza kuanza. Kibao kimoja kikiachwa peke yake hupiga kelele ovyo. Saketi ikubali tu mpigo unaotokea kwenye vyote viwili kwa pamoja.

Na hapa tuna nafasi ambayo Ulaya hawana. Miale ya awali kutoka angani, ambayo huzaa myuoni hizi ikigonga hewa, ni protoni kwa wingi, na sumaku ya dunia huzipinda ili nyingi zije kutoka magharibi kuliko mashariki. Tofauti hiyo ilipimwa Mexico mwaka 1933, nayo huwa kubwa zaidi karibu na ikweta. Malindi iko takriban nyuzi 3 kusini yake. Tenganisha vibao ili viwe na mwelekeo, viinamishe nyuzi 45 kuelekea bara, hesabu. Kisha vigeuze kuelekea Bahari ya Hindi, hesabu tena kwa muda uleule. Tofauti si kubwa, basi usiamini hesabu ya saa moja: ngoja kila upande ufikishe angalau 10,000, ambapo shaka ya hesabu hushuka hadi kama asilimia 1. Vibao vifungwe kwa karatasi ya alumini na juu yake tepu nyeusi, mwanga wa nje usiingie hata kwa tundu la sindano, na saketi zikae kwenye boksi lililozibwa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.