Kusafisha kichujio hakutoshi: bomba la mashine ya kukaushia nguo nalo huziba

Mtu anayelalamika kwamba mashine yake ya kukaushia nguo imechoka, mara nyingi mashine ni nzima na kilichoziba ni bomba la kutolea hewa. Nguo zinazungushwa mara mbili, mara tatu, na bado zinatoka na unyevu. Kwetu sisi wa zimamoto na uokoaji hilo ni zaidi ya usumbufu wa kufua. Takwimu za serikali ya Marekani za 2008 hadi 2010 zilikadiria matukio 2,900 ya moto wa mashine hizi kila mwaka katika majengo ya makazi, na chanzo kilichoongoza, kwa asilimia 34, kilikuwa kutosafisha.

Tukisema hivyo tunajibiwa, "Mbona kichujio nakisafisha?" Vizuri, na kisafishwe kila baada ya mzigo mmoja wa nguo. Lakini kichujio hakinasi kila kitu. Nyuzinyuzi za nguo zinazopenya hubebwa na hewa yenye mvuke, hunata kwenye kona na mikunjo ya bomba, na zikishakauka hushika moto upesi mno. Hewa ikipungua, joto hukosa pa kutokea. Kidhibiti joto huzima na kuwasha hita bila kupumzika, na hatimaye fyuzi ya joto, yaani kifaa kidogo kinachokata umeme joto likizidi, huungua. Fyuzi hiyo ikiungua ujue imefanya kazi yake. Kuiruka kwa kuunganisha waya moja kwa moja ili mashine iwake ni kuondoa kinga ya mwisho iliyobaki, na fundi anayefanya hivyo anahatarisha nyumba nzima. Badilisha fyuzi, na usafishe bomba kwanza, la sivyo mpya nayo itaungua.

Dalili ya uhakika iko nje ya ukuta. Mashine ikiwa inafanya kazi, nenda kwenye mdomo wa bomba. Kilango chake kinatakiwa kiwe kimefunguka na hewa ya moto ikupige mkononi kwa nguvu. Kikiwa kimelala, au hewa ni ya kuhisi kwa shida, bomba limeziba. Wavu wa kuzuia wadudu usiwekwe hapo, kwani hunasa nyuzinyuzi na kufunga mdomo wote. Kilango kinatosha.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi. Mashine ya gesi ifungwe vali yake kwanza, na ikiwa kuisogeza kunavuta mpira wa gesi, acha na umwite fundi wa gesi. Bomba la mashine ya gesi likiziba, moshi wenye kaboni monoksidi unaweza kurudi ndani, na gesi hiyo haina harufu.

Vuta mashine taratibu, legeza klipu kwa bisibisi, kisha litoe bomba. Nyuzinyuzi zilizo karibu zitoe kwa mkono, za ndani kwa brashi ndefu ya vijiti vinavyofungwa kimoja kwa kingine. Izungushe brashi upande wa kufunga tu, yaani kufuata mshale wa saa, unapoisukuma na unapoivuta pia. Ukigeuza upande wa pili vijiti hufunguka na brashi hubaki ndani ya ukuta, ukawa umeongeza kizibo juu ya kizibo. Safisha kutoka ndani, kisha kutoka nje, umalizie kwa mashine ya kufyonza vumbi, pamoja na tundu la kichujio na sakafu chini ya mashine. Kichujio chenyewe kimwagie maji: yakituama juu ya wavu badala ya kupita, kuna utando wa dawa ya kulainisha nguo. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini, kikauke ndipo ukirudishe.

Bomba la plastiki, au la karatasi nyembamba ya alumini inayokunjamana, usilirudishe. Weka la chuma lenye kuta laini, kipenyo cha sentimita 10. Kila ncha nyembamba iingie ndani ya bomba linalofuata kwa kuelekea nje, ili maungio yasikamate nyuzinyuzi. Yafunge kwa utepe wa alumini. Skrubu ndefu zinazotokeza ndani hazifai kwa sababu hiyohiyo. Bomba liwe fupi kadiri inavyowezekana na kona ziwe chache, na unaporudisha mashine usilibane ukutani. Iwashe tupu kwa dakika 10 hadi 15, kisha ukague kilango tena. Fanya hivi angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi ukiona nguo zinachelewa kukauka. Kwa mashine isiyo na bomba la nje, fuata kitabu chake cha maelekezo.

Nguo zilizolowa petroli, rangi ya mafuta au mafuta ya kupikia zisiingizwe kabisa.

Moto ukianza ndani ya mashine, usifungue mlango wake, kwa sababu utauongezea hewa. Zima kwenye swichi kuu ikiwa unaifikia kwa usalama, toa watu wote, funga mlango wa chumba, piga simu ya dharura. Tuite hata ukiona umezimika wenyewe, kwa kuwa makaa hubaki ndani ya bomba lililopita ukutani au darini na kuwaka saa kadhaa baadaye. Usitoe kichujio, usisogeze mashine, usichomoe bomba hadi ofisa afike. Ataandika aina ya mashine, bomba ni la kitu gani, urefu wake, idadi ya kona na hali ya kichujio. Kampuni ya bima ikitaka taarifa, ndiyo hiyo.

Wapo wanaochelewa kutuita kwa kuogopa faini, na woga huo umewagharimu wengi. Kwa kawaida kasoro huandikiwa ilani yenye tarehe ya mwisho ya marekebisho, kisha ukaguzi hurudiwa, na adhabu humfuata aliyepuuza ilani. Kiasi chake hutegemea sheria ya mahali husika, hivyo hakitajwi hapa. Mashine iliyoshika moto isiwashwe tena, hata kwa kujaribu tu, kabla fundi hajaifungua na bomba lote halijabadilishwa.