Buckner hakuipoteza ile World Series peke yake: stori za besiboli tunazozirudia na ukweli wake

Wadau, kila Oktoba World Series ikianza, yaani ile fainali ya ligi kuu ya besiboli kule Marekani, zinarudi stori zile zile mtu anamrushia mwenzake kama kweli tupu. Mimi hizi gemu naziangalia laivu, saa tisa usiku kwa saa zetu ndo wanaanza, na kuna maneno kila nikiyasikia yananiuma kabisa, hasa pale mtu mmoja, kama Bill Buckner wa Boston Red Sox 1986, anapobebeshwa mzigo wa timu nzima mpaka anaingia nao kaburini. Kwa ambao ndo mnaanza kuufuatilia huu mchezo: gemu ina zamu tisa, kila zamu timu inapiga mpaka watu wake watatu watolewe, hizo ndo auti tatu, pointi inaingia mtu akizunguka besi zote, yaani vile vituo vya uwanjani, akarudi nyumbani alipoanzia, wakiwa sare wanaongeza zamu. Fainali ni bingwa wa American League na bingwa wa National League, wa kwanza kufikisha ushindi wa gemu nne kachukua.

Haya tuanze na jina.

Dhana: Inaitwa World Series kwa sababu zamani ilidhaminiwa na gazeti la New York World.

Ukweli: Hapana. Gazeti hilo lilikuwepo kweli ila fainali halikuidhamini. Tangu miaka ya 1880 mabingwa wa ligi mbili walikua wanakutana na magazeti yanaiita mechi ya ubingwa wa dunia, manake wakati huo hawakuona nani mwingine duniani anaucheza kwa kiwango hicho. Mwaka 1903 mwenye timu ya Pittsburgh, Barney Dreyfuss, akakubaliana na wenzake wa Boston wakutane, wakacheza mpaka wa kwanza kushinda gemu tano sio nne, Boston wakachukua 5 kwa 3, na jina likaendelea kuwa lile lile, likafupishwa tu. Nne haikua sheria ya milele, 1919, 1920 na 1921 nazo zilichezwa kwa mtindo huo huo wa tano.

Na anayesema kombe halijawahi kutoka Marekani naye akumbuke Toronto, timu ya Canada, walilibeba mara mbili mfululizo, 1992 na 1993, na 2025 walibakiza kidogo tu, walifungwa na Los Angeles Dodgers gemu ya saba kwenye zamu ya 11, 5 kwa 4. Ukitaka ubingwa wa dunia wa mataifa kwa mataifa hiyo ni World Baseball Classic, ilianza 2006, na Japani wameshaibeba 2006, 2009 na 2023.

Afrika Mashariki tupo pia, watu wanabisha bure. Kwenye mashindano ya dunia ya watoto, Little League World Series kule Williamsport, Pennsylvania, timu ya Uganda ilifuzu 2011 ikanyimwa viza watoto wakabaki nyumbani, alafu 2012 watoto wa Lugazi wakafika, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale, na wakaifunga timu ya Oregon 3 kwa 2. Watoto wa Lugazi hao! Hiyo gemu ingepaswa kusimuliwa kila shule ya kwetu.

Dhana: Mara zote ambazo World Series haikuchezwa ni kwa sababu ya vita.

Hii inasikika kama ina akili lakini sio. Vita vya kwanza vya dunia havikuizuia, 1918 waliisogeza tu ikachezwa mapema Septemba, na vita vya pili navyo havikuizuia. Hata tetemeko la 17 Oktoba 1989, lililopiga San Francisco na Oakland wakati timu za miji hiyo hiyo miwili ziko fainali, gemu ya tatu ikiwa karibu kuanza na uwanja umejaa, lilisimamisha kwa siku kumi tu kisha wakamalizia. Tangu 1903 imekosekana mara mbili, na zote ni watu wenyewe wameshindwa kuelewana. 1904 wakubwa wa New York Giants, kocha John McGraw na mwenye timu John Brush, walikataa kucheza na bingwa wa American League kwa kuidharau ile ligi. Ya pili ni 1994, wachezaji waligoma kuanzia 12 Agosti, Septemba msimu ukafutwa wote, na walioumia kuliko wote ni Montreal Expos waliokua na rekodi bora kuliko timu yoyote, ushindi 74 kwa vipigo 40, wakakaa nyumbani, na timu yenyewe baadae ikahamishwa kutoka Montreal.

Sasa 1919. Hii ndefu kidogo mnivumilie.

Stori inayojulikana ni kwamba wachezaji wanane wa Chicago White Sox walikula hela za wacheza kamari wakaiachia fainali kwa Cincinnati, mahakama ikawakuta na hatia, wakafungiwa maisha. Kwamba kulikua na hela ni kweli, mrushaji wao Eddie Cicotte mwenyewe alikiri kupokea dola 10,000, na gemu ya kwanza alimgonga na mpira mpigaji wa kwanza kabisa wa Cincinnati, ndo ilikua ishara kwa wenye hela kwamba mpango upo. Lakini mahakama haikuwakuta na hatia! Tarehe 2 Agosti 1921 waliachiwa wote, wakatoka wanashangilia, na kesho yake tu kamishna wa ligi, Kenesaw Mountain Landis, ambaye alikua jaji, akatangaza kwamba mahakama iseme inavyosema, hawa hawatacheza tena. Kwaio aliyewafungia ni ofisi ya ligi.

Na humo ndani ya wanane hawakua sawa, hapa ndo watu wanateleza. Cicotte na wenzake wengine mpango waliucheza waziwazi. Joe Jackson alikiri kupewa dola 5,000, sikatai, ila kwenye fainali ile ile alipiga wastani wa .375, yaani karibu mara nne kwa kila kumi, alikua na mapigo safi 12, yale ya kumfikisha besi, na homurani pekee ya fainali nzima, yaani mpira wa kupigwa ukatoka nje moja kwa moja, ilikua yake. Wanaomtetea na wanaomlaumu bado wanagombana, mimi naona aliyepokea hela kakosea hata kama alicheza vizuri. Ninayemhurumia ni Buck Weaver. Huyu alikaa kwenye kikao mpango ukipangwa, hela hakuchukua, alipiga .324, kosa lake ni kujua na kunyamaza, na akapewa adhabu ile ile ya wenye mpango. Aliomba arudishwe mara nyingi akakataliwa mpaka anafariki 1956. Mei 2025 ndo ligi ikaamua kwamba kufungiwa maisha kunaisha mtu akifa, majina yao yakatolewa kwenye orodha. Jackson alikua kaburini tangu 1951.

Na ile ya kusema waliuza kwa sababu tajiri wao aliwalipa kidogo kuliko timu zote nayo sio kweli, rekodi za mikataba ya enzi hizo zinaonyesha White Sox walikua kati ya timu zilizolipa zaidi kwenye ligi.

Nakuja kwa Bill Buckner, ambaye kwa kweli ndo nimeandikia haya yote.

Dhana inasema: 1986 Boston Red Sox walikua mabingwa tayari, Buckner akaachia mpira ukampita katikati ya miguu, wakakosa kombe. Ukiuliza mtu aliyeiona ile klipu ya sekunde kumi atakwambia hivo hivo.

Haya tuirudie taratibu. Ni gemu ya sita, New York, uwanja wa Shea, usiku wa 25 Oktoba. Boston wanaongoza gemu 3 kwa 2, wakishinda hii wanabeba kombe la kwanza tangu 1918. Zamu ya kumi, Boston 5 New York Mets 3, auti mbili zimeshapatikana na hakuna mtu wa Mets hata mmoja kwenye besi. Bado auti moja. Kwenye chumba cha Boston shampeni imeshapangwa na makabati yamefunikwa plastiki yasilowe, na ubao wa uwanja kwa sekunde ukawaka kuwapongeza Boston! Alafu Gary Carter wa Mets akapiga, akafika besi. Kevin Mitchell akapiga. Ray Knight akapiga, Carter akaingia, 5 kwa 4. Boston wakabadilisha mrushaji, wakamtoa Calvin Schiraldi wakamleta Bob Stanley. Mbele yake Mookie Wilson anaukata mpira pembeni, anaukata tena, Stanley akarusha moja ikaenda kombo, mdakaji akaikosa, Mitchell akakimbia nyumbani. 5 kwa 5.

Hapo ndo pa kusimama. Gemu IMESHAKUA SARE. Buckner hajagusa kitu.

Mpira wa kumi aliorushiwa Wilson akaupiga ukabiringika taratibu kuelekea besi ya kwanza, Buckner ana miaka 36, vifundo vya miguu vibovu kwa miaka, kavaa viatu virefu vya kushikilia enka, na kwenye gemu za nyuma mwishoni kocha alizoea kumtoa anamuingiza Dave Stapleton, usiku ule alimwacha. Akainama, mpira ukapita chini ya glavu, Knight akaingia, 6 kwa 5. Kosa ni lake, hakuna anayekataa. Lakini angeudaka, gemu ingekua sare au inaendelea, kombe lisingekua la Boston kwa auti hiyo. Na siku mbili baadae kulikua na gemu ya saba! Boston wakaongoza 3 kwa 0 mpaka zamu ya sita, wakaipoteza wenyewe 8 kwa 5. Hiyo gemu hakuna klipu yake inayozunguka.

Ni kama penalti ya Roberto Baggio 1994, watu wamesahau kwamba Baresi na Massaro walikosa kabla yake na hata angefunga Brazil walikua na ya kwao mkononi.

Chicago nao walifanya hivo hivo 2003 kwa shabiki, sio hata mchezaji. Cubs, timu nyingine ya Chicago, wakiwa wamebakiza auti tano kufika fainali, wanaongoza 3 kwa 0, shabiki mmoja jukwaani akanyoosha mkono kwenye mpira uliokua unashuka kwake kama walivyonyoosha wenzake wa pembeni, ukamgonga. Baada ya hapo kiungo wao Alex Gonzalez akaangusha mpira rahisi, warushaji wakapigwa, zikaingia pointi nane zamu moja, kesho yake wakafungwa tena gemu ya saba. Aliyetolewa uwanjani na walinzi huku anarushiwa bia ni yule jamaa. Cubs wakaja kubeba 2016, mara ya kwanza tangu 1908, na mwaka uliofuata wakampa pete ya ubingwa kama ya wachezaji.

Buckner alicheza misimu 22, akapiga mapigo safi zaidi ya 2,700, akahamia Idaho mbali na kelele. Boston wakabeba 2004, wakabeba tena 2007, na Aprili 2008 siku ya kufungua msimu nyumbani Fenway wakamuita. Alitokea upande wa kushoto wa uwanja, chini ya ule ukuta mrefu wa kijani, akatembea peke yake kwenye nyasi mpaka kwa mrushaji, uwanja mzima umesimama unampigia makofi, yanaendelea tu hayaishi, akasimama anajifuta machozi, alafu akamrushia Dwight Evans, mwenzake wa timu ile ya 1986, na Evans akaudaka.