Kutenga rasilimali za maunzi: kiendeshi kinapobisha hodi kwenye kerneli

Kutenga rasilimali ni hatua ya kiendeshi (driver, programu inayoendesha kifaa) kabla hakijagusa kifaa. Kiendeshi huiambia kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, kwamba kinataka anwani kadhaa za kuwasiliana na kifaa, kuanzia hapa hadi pale. Kerneli hutazama daftari lake: zikiwa wazi, huandika jina la kiendeshi; zikiwa na mwenyewe, hukataa.

Chukua mizani ya kidijiti kwenye ghala la korosho, Masasi au Nachingwea, iliyoungwa kwa waya wa serial kwenye kompyuta ya mezani yenye Linux. Kwenye PC, poti ya kwanza ya serial kwa desturi ina anwani nane za I/O, 0x3f8 hadi 0x3ff, na katizo (interrupt, ishara ambayo kifaa huitumia kuiita kompyuta) namba 4. Kiendeshi huziomba hivi:

request_region(0x3f8, 8, "mizani")

Namba ya kwanza ni mwanzo, ya pili ni idadi, na jina ndilo litakaloonekana kwenye /proc/ioports. Ombi likirudi NULL, yaani tupu, pana mwenyeji. Kiendeshi kirudishe -EBUSY, yaani -16, kisiendelee. Soma faili hilo ukiwa root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, maana mtumiaji wa kawaida huonyeshwa sifuri tupu mahali pa anwani.

Daftari hili halina kufuli. Kiendeshi kisichoomba kinaweza kusoma 0x3f8 vilevile, na kerneli haitakizuia. Madhara yake ni haya: baiti ikishasomwa kwenye poti ya serial, imetoka, haipo tena. Mizani ikituma 81.50 na viendeshi viwili vikipokezana kusoma, kimoja kinaweza kupata 8.0 na kingine 15. Hakuna ujumbe wa kosa popote, na mkulima ameshaandikiwa kilo nane. Ndiyo maana kuomba ni wajibu hata pale ambapo kompyuta haikulazimishi.

Zamani palikuwa na check_region: unauliza kwanza, kisha unaomba. Iliondolewa, kwa kuwa kati ya jibu na ombi kiendeshi kingine kiliweza kupenya. Sasa request_region hukagua na kuandika kwa mkupuo mmoja.

Kifaa chenye rejista (vihifadhi vyake vidogo vya amri na data) kwenye anwani za kumbukumbu hutumia request_mem_region, na orodha yake ni /proc/iomem. Hapo kutenga pekee hakutoshi. Lazima ufuatishe ioremap ndipo upate anwani ambayo kerneli inaweza kuisoma. Katizo huombwa kwa request_irq. Liombe mwisho, kifaa kikiwa tayari, kwa sababu linaweza kupiga papo hapo, na likikuta data yako haijaandaliwa kerneli itaanguka.

Wengi hukwama kwenye kurudisha. Ombi la katizo limekataliwa, kiendeshi kinatoka na kuacha anwani bado zimeandikwa jina lake. Ukikipakia tena unapata -16, na aliyezishika ni kiendeshi chako mwenyewe cha dakika mbili zilizopita. Kuna baya zaidi: daftari halikunakili jina, linaelekeza tu mahali lilipo ndani ya moduli, yaani kiendeshi kilivyopakiwa ndani ya kerneli. Moduli ikishaondolewa, kusoma /proc/ioports kwaweza kuzua hitilafu ya kerneli. Kwa hiyo rudisha kinyume cha ulivyochukua: free_irq, iounmap, kisha release_mem_region, au release_region kwa poti. Kwa kiendeshi kipya ni bora kutumia zile zinazoanza na devm_, kama devm_request_region. Kerneli huzirudisha yenyewe kifaa kikiondolewa au maandalizi yakishindikana katikati.

Na ukikuta /proc/ioports inasema 03f8-03ff : serial, usimng'oe mwenyeji. Kiendeshi cha serial cha kerneli kinaijua poti ile vizuri. Kwa mizani inayotuma maandishi, fungua /dev/ttyS0, faili linalowakilisha poti hiyo, weka kasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha mizani, usome mistari. Kiendeshi kipya hakihitajiki.